Jikague kwa Ushahidi: Mwongozo wa Kujua Kama Umekua

Muulize mtu mwishoni mwa mwaka kama amekua, atakujibu kwa hali aliyo nayo siku hiyo. Aliyelipwa juzi atasema mwaka ulikuwa mzuri. Aliyegombana jana na mwenye nyumba atasema hajasogea hata kidogo. Wote wawili hawajajikagua, wamesema tu wanavyojisikia.

Mwongozo huu unakutaka uweke hisia pembeni kwa saa chache, usome alama ulizoacha kwa watu: wanakuitaje, wanakuachia nini, na fedha na muda wako vilikwenda wapi mambo yalipobana. Kati ya hayo matatu, la pili ndilo ninalolipa uzito zaidi, na utaona sehemu yake ni ndefu kuliko nyingine. Jina mtu anaweza kujipa. Matumizi anaweza kuyatetea mpaka asubuhi. Kuaminiwa hujipi, lazima mwenzako akupe, na anaweza kukunyang'anya bila kukuaga.

Zoezi lenyewe si geni. Waislamu wana muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake kabla hajahesabiwa. Al-Harith al-Muhasibi, aliyezaliwa Basra na kufariki Baghdad mwaka 857, alipata jina hilo kwa jinsi alivyoshikilia jambo hilo. Wakatoliki nao hutafiti dhamiri kabla ya kwenda kuungama. Hapa tunaongeza kitu kimoja: pamoja na makosa, tunatafuta pia yaliyokua bila mwenyewe kuyaona.

Kabla ya kukaa

Usichague tarehe 31 Desemba. Siku hiyo una wageni, una mkesha, na una hamu ya kuahidi mambo. Chagua siku isiyo na sherehe: Jumamosi baada ya mgao wa kikoba, wiki moja kabla ya Ramadhani au Kwaresima, siku mbili tatu baada ya siku yako ya kuzaliwa. Siku ya mgao naipenda zaidi, kwa sababu mtu anakuwa ametoka kuhesabiwa mbele ya wenzake na hesabu bado ziko kichwani.

Andaa daftari la karatasi, kalamu, taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu, na kijitabu chako cha kikundi kama unacho. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, wengi wetu tuna daftari la matumizi ambalo hatukuliandika kwa mkono wetu, nalo halina upendeleo. Menyu ya kawaida huonyesha miamala michache tu ya mwisho, kwa hiyo omba taarifa ndefu kupitia programu ya mtandao wako au nenda ofisi yao ya huduma kwa wateja. Ukishaipata, zima data. Ujumbe mmoja wa kundi la familia unatosha kukutoa kwenye zoezi zima.

Jambo moja zaidi: daftari hili litakuwa na majina ya watu na siri zao. Usiliache mezani.

Hatua ya kwanza: andika majina unayoitwa

Acha jina la kwenye kitambulisho cha NIDA. Andika yale wanayokuita watu: Mama Salma, Baba Kelvin, Mwalimu, Fundi, Madam, Kaka Mkubwa, Anko, Mzee wa Kamati. Tafuta pia jina ulilohifadhiwa nalo kwenye simu za watu. Ukiwa na mdogo wako wa karibu mwombe akuonyeshe. Kuna watu wamegundua kwamba dada zao wamewaandika "Kaka Hela", wakacheka, kisha wakanyamaza.

Mbele ya kila jina andika nani analitumia na anataka nini anapolitumia. Jirani anayeita "Mama Salma" saa kumi na mbili asubuhi huenda anataka kibiriti. Ndugu anayeita "dada yangu" tarehe 28 ya mwezi anataka kingine. Anayekuita "Madam" kazini anataka uamuzi, na ukimpa ushauri badala ya uamuzi atarudi tena.

Kisha weka alama tatu. N kwa jina jipya, ambalo miaka mitatu iliyopita hukuwa nalo. F kwa jina lililokufa, ambalo wewe bado unalitumia lakini wengine wameliacha: mtu aliyepunguzwa kazini na bado anajitambulisha kama afisa, au aliyemaliza chuo kikuu zamani na bado kila hadithi yake inaanzia bweni. B kwa jina linalobana, ambalo watu wanakuita kwa upendo lakini kila ukiliitikia unajikuta umekubali kitu usichokitaka. "Mcheshi wetu" ni mojawapo. Ukishaitwa mcheshi wa ukoo, ni vigumu kuruhusiwa kuumwa.

Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyeeneza wazo la msukosuko wa utambulisho, alizaliwa Frankfurt mwaka 1902 na hakumjua baba yake mzazi. Alikua akitumia Homburger, jina la baba yake wa kambo, na alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 akajichagulia Erikson. Yeye alibadilisha la kwenye karatasi. Majina ninayoyasema hapa hubadilika siku mtu anapoanza kukuita vingine, na mara nyingi hakuambii kwa nini. Katika mpangilio wa Erikson wa hatua za maisha, mtoto hujifunza kwanza kuamini, katika mwaka wake wa kwanza kabisa. Swali la "mimi ni nani" huja ujanani. Nakubaliana na mpangilio huo hata kwa watu wazima, ndiyo maana hatua ya kwanza haichukui zaidi ya nusu saa na inayofuata inaweza kumaliza mchana.

Hatua ya pili: safu tatu za kuaminiwa

Chora mistari miwili kwenye ukurasa mtupu upate safu tatu. Ya kwanza: nilichoaminiwa. Ya pili: niliowaamini. Ya tatu: kilichoondolewa mikononi mwangu.

Kama hujui uanzie wapi, anzia misibani. Ukoo ukifiwa hakuna anayetangaza vyeo, lakini ndani ya saa moja kazi zimeshagawanywa. Kuna anayetumwa kukodi maturubai na viti. Kuna anayeambiwa akakae na wafiwa ndani. Kuna anayefuatana na wazee hospitali kwa ajili ya mwili. Na kuna anayewekewa meza ndogo karibu na mlango, akapewa kalamu na daftari la rambirambi. Huyo wa mezani si lazima awe tajiri wala msomi. Ni yule ambaye wazee wana hakika kwamba saa nne usiku, fedha zikimwagwa mkekani na kuhesabiwa, zitalingana na maandishi. Na kwamba kesho yake hatazunguka mtaani akisimulia nani alitoa elfu mbili. Mambo mawili hayo, mkono na mdomo, mtu anaweza kuwa nalo moja akakosa la pili, na wazee hulijua hilo kabla yako.

Kumbuka misiba na harusi za miaka mitano iliyopita. Uliwekwa wapi? Kwenye kamati ya harusi, uliyekuwa kamati ya vinywaji, mwaka huu umekuwa mweka hazina? Au ulikuwa mweka hazina na sasa unaalikwa kama mgeni? Andika ilivyo, hata kama una maelezo yake.

Endelea na mengine. Nani amekuachia watoto akasafiri? Nani alikuomba uwe mdhamini wake wa mkopo, au alikubali kuwa wako? Mama yako akienda kwenye mashine ya benki, kadi na namba ya siri anampa nani? Kama unafanya biashara, nani anakupa mali kauli? Hicho ni kipimo kisicho na huruma. Muuza jumla wa Kariakoo anayekupa marobota mawili ya vitenge uondoke nayo, ulipe ukishauza, hakuandikishi mkataba. Amepima neno lako na amelipangia bei. Mwaka jana alikupa moja, mwaka huu mawili: umekua kwa robota moja, na hilo huna haja ya kuuliza mtu. Hata Mangi wa dukani ana kiwango chake kwa kila nyumba. Kuna wanaoandikiwa mpaka elfu hamsini na kuna wanaoambiwa "daftari limejaa" wakitaka sukari robo.

Kwa kila unachoandika, taja aina. Kuaminiwa fedha si kuaminiwa siri. Kuaminiwa kazi si kuaminiwa mtoto. Wengi wanaolalamika kwamba "watu hawaniamini" wakichambua hivi wanakuta wanaaminiwa sana kwa jambo moja, mathalani kusimamia ujenzi, na hawaaminiwi kwa lingine, mathalani kufika kwa wakati. Hilo la pili linarekebishika. "Watu hawaniamini" halirekebishiki, kwa sababu halina pa kushika.

Safu ya pili huwa fupi, na ufupi wake unasema kitu. Mtu anayefanya kila kitu mwenyewe dukani, kuanzia kufungua mpaka kuhesabu mauzo, hujiona mchapakazi. Huenda ndivyo. Huenda pia miaka saba imepita na hajapata hata mmoja wa kumwachia ufunguo.

Hapa vikundi vya kuweka na kukopa vina la kufundisha. Katika mfumo ambao shirika la CARE lilianza nao Niger mwaka 1991, na ambao umeenea sehemu kubwa ya Afrika, sanduku la fedha lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Linafunguliwa mbele ya wanachama wote, fedha zinahesabiwa kwa sauti, linafungwa. Wanachama hao ni majirani wanaofahamiana tangu zamani, na bado wameweka kufuli. Hakuna anayesema ametukanwa. Kwa hiyo ukimaliza safu ya pili, weka alama kwa mtu uliyemwachia kila kitu bila kufuli hata moja kwa sababu ya haya, na mwingine uliyemnyima kabisa wakati kufuli moja ingetosha: risiti, shahidi, hesabu ya kila Jumamosi. Mdogo wako anayeomba asimamie kibanda cha chipsi huenda hahitaji umwamini zaidi. Anahitaji hesabu ya kila siku iliyoandikwa na nyie wawili.

Safu ya tatu ndiyo watu wanaiacha wazi. Si kwamba hawakunyang'anywa kitu, ila aliyenyang'anya hakusema. Tafuta dalili. Shangazi aliyekuwa akikutumia fedha za kumpelekea fundi sasa anazituma moja kwa moja kwa fundi. Kundi jipya la WhatsApp limefunguliwa lenye watu walewale, wewe haumo. Rafiki aliyekuwa akikukopesha kwa mdomo sasa anaomba muandikishiane. Andika bila kujitetea. Utetezi una hatua yake.

Ukipata hata jambo moja kwenye safu hiyo, rudisha kwa aina ileile iliyopotea. Imani uliyoipoteza kwa fedha, huirudishi kwa kumsaidia mtu kuhamisha vyombo. Anza na kidogo, chenye tarehe, na toa taarifa kabla hujaulizwa. Maneno yasizidi haya: "Mangi, lile deni la elfu kumi na nne la mwezi wa tano sijalisahau. Elfu tano hii hapa, iliyobaki Ijumaa jioni." Ijumaa ukiwa huna, nenda hiyohiyo Ijumaa ukaseme huna. Mdaiwa anayepita dukani na kusalimia, hata mikono mitupu, hupimwa tofauti na anayezunguka nyuma ya nyumba za watu ili asionekane.

Hatua ya tatu: soma wiki iliyobana

Vipaumbele havionekani siku ya mshahara. Siku hiyo kila kitu kinapata chake. Chukua taarifa yako ya miamala na utafute wiki ambayo salio lilishuka kabisa, kisha angalia ni nini kililipwa kabla ya kingine. Kwa wengi Januari inasema kweli. Tanzania ilifuta ada za shule za serikali hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, lakini mwezi haukuacha kubana: kuna sare, madaftari, nauli, kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, na kwa wenye watoto shule binafsi, ada yenyewe.

Kila muamala wa wiki hiyo upe herufi moja kati ya tatu. W kwa wajibu, M kwa mazoea, A kwa aibu. Wajibu ni dawa ya mzazi, kodi, chakula. Mazoea ni vifurushi vya kila siku, bodaboda ya umbali wa kutembea, kubashiri mechi. Aibu ni ile michango unayotoa kwa sababu orodha ya ahadi imebandikwa kwenye kundi, namba 1 mpaka 64, wenye alama ya vema wamelipa, na jina lako namba 37 halina alama, na mwenyekiti anaibandika upya kila asubuhi.

Nina neno na washauri wanaosema ukate misaada kwa ndugu ili "ujijenge kwanza". Wengi waliosoma walisomeshwa na michango ya ukoo, na kumtumia mama fedha si uvujaji. Iandike W bila kuomba radhi. Ninachokataa ni kuchanganya W na A. Mtu analipa ahadi ya sendofu laki moja kwa aibu, kisha wiki hiyohiyo anamwambia baba yake avumilie dawa mpaka mwisho wa mwezi. Ukikuta kitu kama hicho kwenye taarifa yako, kizungushie duara.

Muda upitie haraka. Simu yenyewe huhesabu: kwenye Android ingia kwenye mipangilio utafute Digital Wellbeing, uone saa ulizotumia kwa kila programu. Linganisha na saa ulizokaa na wale uliowaandika W. Inatosha.

Hatua ya nne: tafuta shahidi

Mchague mtu mmoja aliyekujua kwa miaka isiyopungua mitano, asiye na deni kwako na asiyekudai. Akiwa amekuzidi umri ni vizuri zaidi, kwa sababu rika hutaniana na wadogo hukuogopa. Usimuulize "nina kasoro gani?" Kwa heshima atakujibu kwamba huna tatizo, atakuombea dua, na mtakunywa chai. Muulize kuhusu vitu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hujambo? Nyumbani wazima?"

"Wazima, mjomba. Nina swali, naomba unijibu bila kunionea haya. Ukisafiri miezi sita, nini ungeniachia mimi, na nini usingeniachia?"

Atacheka kwanza. Kisha atafikiri, na hapo unyamaze. Huenda akasema: "Nyumba ningekuachia. Ng'ombe pia. Fedha za wapangaji angekusanya mdogo wako." Usimuulize kwa nini papo hapo, na usianze kueleza kilichotokea mwaka ule. Sema ahsante, malizia chai, nenda ukaandike. Baada ya wiki unaweza kurudi kumuuliza sababu, na ndiyo nafasi ya utetezi niliyoisema: ukishaisikia sababu yake, jibu mara moja tu, kwa ufupi, umwachie aamue.

Hatua ya tano: chagua mgongano mmoja

Fungua kurasa zote tatu zikae mezani kwa pamoja. Tafuta mahali zinapopingana. Kwenye majina umeandika "Baba Kelvin" na ukaliwekea N kwa furaha, lakini kwenye saa zako Kelvin ana Jumapili mbili kwa miezi mitatu. Au watu wanakuachia mizigo mikubwa ya kuaminika na wewe bado unajitambulisha kwa jina dogo lililokufa. Huo wa pili ni mgongano pia, na watu wapole wanao sana: wameshakua, hawajaarifiwa. Anayepewa daftari la rambirambi kila msiba na bado anaogopa kuomba mkopo wa biashara kwenye kikundi chake anapaswa kusoma safu yake ya kwanza kwa sauti.

Chagua mgongano mmoja tu. Uandike kwa sentensi yenye mtu, kitendo na tarehe: "Kila Jumapili mpaka mwisho wa Machi nampeleka Kelvin mazoezini mwenyewe." "Tarehe 5 namkabidhi Dada Rehema ufunguo wa duka kwa siku za Jumatano." Sentensi isiyo na mtu wala tarehe ifute. Mingine iache kwenye daftari, haitakimbia.

Rudia zoezi baada ya miezi mitatu kwa safu za kuaminiwa peke yake, na zoezi zima baada ya mwaka. Mara ya pili usifungue kurasa za zamani kabla hujajaza mpya, maana utanakili. Jaza kwanza, kisha fungua, uzilinganishe mstari kwa mstari, na jina lolote lililohama kutoka safu ya tatu kwenda ya kwanza, au kinyume chake, liandikie tarehe unayoikumbuka.